Injini ya Cummins, giaboksi ya Eaton, sasa ERF wenyewe walitengeneza nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mimi ni dereva, tajiri wangu kanunua lori la ERF EC11 used kutoka Uingereza. Nikifungua naona injini ni Cummins, giaboksi Eaton, na fundi mmoja kaniambia hata Foden na Atkinson za zamani zilikuwa hivyo hivyo, kila kitu cha watu. Sasa hawa ERF walitengeneza nini? Na ni kweli walikufa kwa sababu hawakuwa na injini yao, maana Scania anajitengenezea mwenyewe na mpaka leo yupo? Halafu hili lori tuliogope au tusiliogope?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la katikati kwa sababu ndilo linaloongelewa sana vijiweni na ndilo linalokosewa. Hapana, hawakufa kwa kununua injini kwa wengine, kununua injini ndiko kulikowapa uhai, tena kwa miaka mingi sana. Angalia Marekani, Kenworth na Peterbilt wamefunga Cummins na giaboksi za Eaton miaka nenda rudi na bado wapo barabarani. Halafu angalia Leyland, yeye alijitengenezea injini mwenyewe, giaboksi mwenyewe, na akaanguka kwa kishindo kuliko hao wote waliokuwa wananunua. Kwa hiyo ukipima kwa kuuliza nani ana injini yake hupati jibu. Mimi ninavyoona, na hili nimelifikiria muda mrefu, Waingereza walikuwa hodari kupita kiasi wa kumchagulia lori mtu anayelipa, yaani tajiri mwenye daftari la dizeli na matairi, lakini yule anayekaa nyuma ya usukani masaa kumi hawakumuweka kwenye hesabu mpaka mgeni alipokuja kumuweka. Ngoja nikuonyeshe maana bila mifano itakuwa maneno tu.

ERF ilianza 1933 kwenye mji mdogo unaitwa Sandbach, kule Cheshire. Pale pale Sandbach kulikuwa na kampuni ya Foden inayotengeneza malori ya mvuke, yaani makaa na boila juu ya magurudumu, na walikuwa na jina kubwa kweli. Edwin Richard Foden, mtoto wa mwanzilishi, aliona dizeli inakuja na serikali inazidi kuyabana magari mazito ya mvuke kwa kodi, wenzake kwenye bodi hawakutaka kumsikia, akaondoka. Akaungana na mwanae Dennis wakachora lori la dizeli. Hawakuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma wala hela ya kuunda injini mpya, wakafanya walichoweza: injini wakachukua Gardner ya silinda nne, 4LW, giaboksi ya David Brown, ekseli za Kirkstall, na kebini wakampa Jennings, fundi mbao na mjenga bodi hapo hapo Sandbach. Mzee alikuwa na miaka 63, chesisi ya kwanza wakaipa namba 63. ERF ni herufi za jina lake tu, E. R. Foden.

Kwa hiyo walitengeneza nini? Walitengeneza chaguo. Najua linasikika jepesi lakini si jepesi hata kidogo. Fikiria tajiri anakuja anasema mimi nabeba saruji, milima ninayo, narudi tupu. Mwingine anabeba maziwa kwenye tenki, barabara tambarare, usiku kwa usiku. Kiwanda kinamchorea urefu wa chesisi, idadi ya ekseli, springi, difu yenye uwiano unaoendana na injini ile na giaboksi ile, rejeta ya kutosha, tenki la dizeli la kutosha. Ukifunga injini nzuri na difu isiyoendana nayo umeiua hiyo injini, na wewe dereva unalijua hilo kuliko mimi. ERF, Atkinson wa pale Walton-le-Dale karibu na Preston, na wengine wadogo wadogo, hiyo ndiyo ilikuwa fani yao na waliijua vizuri. Lori moja likitoka kiwandani lilikuwa linajulikana ni la nani kabla halijaanza kufungwa nati.

Sasa kwa nini karibu wote walikimbilia Gardner? Hapa nitakaa kidogo kwa sababu injini hii naipenda na nimeifungua kwa mikono yangu.

Gardner walikuwa Patricroft, pembeni ya Manchester, kampuni ya tangu 1868. Kabla ya barabara walikuwa wanatengeneza injini za boti na za viwandani, na ile tabia ya boti haikuwatoka: injini haitakiwi kufa katikati ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakatoa LW, hii sasa ya barabarani. Ya silinda sita, 6LW, ilikuwa lita 8.4 na nguvu za farasi 102 tu kwa mizunguko 1700 kwa dakika. Ukisikia farasi 102 leo unacheka, hata Fuso ndogo inaipita. Lakini zile farasi 102 zilivuta lori la ekseli nne siku nzima, na kesho, na mwaka kesho. Mwaka 1958 ikaja 6LX, lita 10.45, farasi 150, mizunguko ile ile 1700. Halafu 6LXB ya farasi 180 kwa 1850 ikaja katikati ya miaka ya 1960, na hii ndiyo Waingereza mpaka leo wakisema "Gardner 180" wazee wanaacha chakula wanageuka.

Ukiifungua unaona kwa nini. Silinda sita zimekatwa vipande viwili vya tatu tatu, kila kipande na hedi yake, kwa hiyo hedi moja ikisumbua huhangaiki na zote na mtu mmoja au wawili wanainyanyua bila winchi. Kwenye pampu ya dizeli kuna vijiti vidogo vya kupampu kwa mkono, silinda moja moja, unatoa hewa na unasikia kwa kidole nozeli ipi inapiga sawa na ipi imechoka, kabla hata hujashika spana. Kila kitu kimepangwa ili fundi wa kawaida kwenye gereji ya kawaida aweze kukirudisha kama kilivyokuwa. Na dizeli ilikuwa inainusa tu. Mwenye malori ishirini akifanya hesabu mwisho wa mwaka, tofauti kati ya Gardner na injini nyingine ilikuwa bei ya lori jipya. Kwa hiyo watu walikuwa wako tayari kusubiri, na walisubiri kweli, kulikuwa na foleni ya muda mrefu kupata Gardner, kiwanda cha malori kina chesisi zimepangwa uani zinangoja injini.

Hapo sasa ndipo ugonjwa ulipoanzia. Gardner hawakuongeza kiwanda kwa kasi ya wateja, na familia ya Gardner yenyewe ilikuwa na msimamo mkali kuhusu turbo, hawakuitaka. Kwa upande mmoja naelewa, ukiongeza turbo unaongeza joto na shinikizo na ule umri wa injini waliouheshimu unaondoka. Lakini sheria na barabara havikuwasubiri. Kumbuka mpaka 1957 lori zito Uingereza lilikuwa linaruhusiwa maili 20 kwa saa tu, yaani kama kilomita 32, kwa mwendo huo farasi 102 zinatosha kabisa. Halafu wakapandisha hadi maili 30. Novemba 1959 ikafunguliwa M1, barabara kuu isiyo na kona wala taa. Mwaka 1964 sheria ikabadilisha uzito, semi trela ikaruhusiwa hadi tani 32 wakati zamani lile lori refu la ekseli nne liliishia tani 24. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja nyingine, angalau farasi 6 kwa kila tani. Piga hesabu mwenyewe, 180 gawanya kwa 6 ni tani 30. Injini bora ya nchi haikutosha tena kwa mzigo kamili wa nchi. Gardner walikuwa na ya silinda nane, 8LXB ya farasi 240, injini tamu ajabu, lakini ndefu na nzito na ya bei, na kupatikana kwake kazi. Ile 6LXC ya farasi 201 ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, na turbo ya kweli kweli miaka ya 1980, watu wameshahama.

Walihamia wapi? Cummins. Mmarekani huyu alifungua kiwanda Shotts, Scotland, 1956, halafu Darlington miaka ya 1960. Injini yake ya lita 14, ile familia ya NH, ilitoa farasi 250, 290, mpaka 335. Inakunywa zaidi ya Gardner, hilo halina ubishi, ila ipo, ukiitaka wiki ijayo unaipata, na mlimani inakwenda. Wengine wakachukua Rolls-Royce Eagle ya Shrewsbury, lita 12.17, farasi 220 mpaka 265 na baadaye zaidi. Unaona sasa? Kwa ERF na Atkinson kuhama kutoka Gardner kwenda Cummins kulikuwa ni kubadilisha mabano ya injini na mabomba, si kufunga kiwanda. Kwa mtu aliyefunga ndoa na injini yake mwenyewe mabadiliko hayo yangechukua miaka kumi. Ndio maana nasema kununua kuliwaokoa.

Kwenye giaboksi hadithi ni hiyo hiyo ila fupi. David Brown wa Huddersfield, ndio yule yule mwenye trekta za David Brown, na ndiye aliyekuwa anamiliki Aston Martin, herufi DB kwenye zile gari ni jina lake. Giaboksi zake zilikuwa za gia tano au sita, hazina sinkro, yaani kile kifaa cha kulinganisha mizunguko ya gia, unakanyaga klachi unatoa gia, unaachia, unasikiliza injini, unakanyaga tena ndio unaingiza. Na Gardner ina flaiwili nzito, mizunguko inashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na gunia, kwa hiyo ukipandisha gia unangoja, ukilazimisha meno yanalia. Dereva mzuri alijulikana kwa sikio. Gia tano kwa injini inayofanya kazi kati ya mizunguko 1000 na 1700 ni chache mno, ukidondosha gia moja mlimani umepoteza mwendo wote.

Fuller Roadranger, hizi za Eaton, zilileta akili tofauti. Ndani kuna shafti mbili za pembeni badala ya moja, nguvu inagawanyika kulia na kushoto, kwa hiyo meno yanaweza kuwa membamba na giaboksi ikawa fupi lakini ikabeba mzigo mkubwa. Halafu kuna swichi ya hewa kwenye mkono, unapita gia za chini zote, unapandisha swichi, unarudia njia ile ile sasa ni gia za juu, jumla tisa. Bado hakuna sinkro, bado sikio linatakiwa, lakini hatua ni ndogo na zinalingana, ukishaizoea unabadilisha bila klachi kabisa. Cummins na Fuller zilioana kama pilau na kachumbari, na malori mazito mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1970 yana ndoa hiyo.

Nimtaje na Foden hapa maana umemuuliza. Huyu alikuwa wa peke yake. Baada ya kuachana na mvuke alinunua Gardner kama wenzake, lakini alitaka na cha kwake pia, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akatoa injini yake ya dizeli ya tu-stroki, FD6, lita 4.1 tu, blowa inasukuma hewa ndani, farasi 126 kwa mizunguko 2000. Linganisha na Gardner ya lita 8.4 yenye 102 utaona walikuwa wamefanya jambo. Kelele yake ilisikika kijiji cha pili na waliowahi kuiendesha hawaisahau. Na kwa sababu inataka kuzungushwa muda wote, wakatengeneza giaboksi ya gia 12, kisanduku cha gia nne na nyuma yake hatua tatu. Ufundi wa hali ya juu kabisa. Ila soko lake lilibaki dogo, tajiri mwenye fundi aliyezoea Gardner hakuwa na sababu ya kumpeleka shule upya.

Sasa tufike kwenye kebini, na hapa naomba unisome polepole kwa sababu kwangu mimi ndipo kesi yote ilipo.

Kebini ya chuma inayopigwa kwa presi inahitaji vile viumbo vya presi, na bei yake ni ya kutisha. Volvo au Mercedes anagawa bei hiyo kwa maelfu na maelfu ya kebini. ERF au Atkinson anatengeneza malori machache kwa mwaka, akigawa anapata kebini ya bei kuliko lori. Kwa hiyo walitumia mbao, fremu ya mti mgumu, juu yake paneli za aluminiamu au faiba. Faiba haihitaji presi, inahitaji umbo moja na mtu mwenye brashi. Ukiongeza na hesabu ya tajiri, inazidi kuvutia: uzito wa lori lote una kikomo cha sheria, na kodi ya barabara ilipigwa kwa uzito wa gari tupu, kwa hiyo kila kilo unayoipunguza kwenye kebini ni kilo ya mzigo unaolipwa. Na faiba haili kutu kwenye ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu. Kila sababu ni ya kweli, kila sababu ina akili, na kila sababu ni ya mwenye lori.

Na walikuwa na jicho, nisiwadhulumu. Ile ERF ya 1954 waliyoiita KV ilikuwa na kioo kikubwa cha mbele kilichojikunja pembeni na grili ya mviringo, ukiiona leo bado ni nzuri. Foden mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na kebini ya faiba inayoinama mbele, S24, wakati wengi bado fundi anafungua kifuniko cha injini ndani ya kebini anafanya kazi amekaa kwenye kiti cha abiria. Lakini ingia ndani ya Atkinson ya zama hizo. Injini iko katikati yako na mwenzako, joto na kelele vyote vyako. Hita ilikuwa ni nyongeza ya kulipia, na hata ukiwa nayo, Gardner maji yake hayapati moto sana kwa sababu haipotezi joto hovyo, ule ule ubora wa kubana dizeli ndio unaomwacha dereva anatetemeka. Mlango una mwanya. Kitanda hakuna, unalala kwenye nyumba za wageni za madereva. Tajiri hakuwa na shida na hilo maana dizeli ilikuwa inalingana na daftari.

Mwaka 1967 Volvo na Scania wakaanza kuuza Uingereza kwa nguvu. Volvo F86 injini yake ilikuwa lita 7 tu, ndogo kuliko Gardner, lakini ina turbo. Giaboksi ina sinkro, gia nane. Kebini ya chuma, inainama, ina hita inayofanya kazi, kiti cha mtu, haipigi kelele. Haikushinda kwa injini, naomba uelewe hilo, kwa dizeli na umri Gardner ilikuwa bado bingwa. Ilishinda kwa sababu dereva aliyeiendesha wiki moja hakutaka kurudi kwenye Atkinson, na miaka ile madereva wazuri walikuwa hawapatikani kirahisi, kwa hiyo tajiri akagundua kwamba hita nayo iko kwenye daftari. Volvo wakaona inalipa mpaka wakaanza kuunganisha huko huko Irvine, Scotland.

ERF wakajibu, na jibu lao lilikuwa zuri. Mwaka 1974 walitoa B series yenye kebini waliyoiita SP, fremu ya chuma, juu yake paneli za plastiki ngumu inayopikwa kwenye umbo la moto, siyo ile faiba ya brashi. Imara, haiozi, inainama, na gharama wanaiweza. Atkinson kwa upande wake alinunuliwa na Seddon 1970, wote wawili wakachukuliwa na International Harvester wa Marekani 1974, mwaka uliofuata ikatoka 400 yenye kebini ya chuma ya kununua kutoka Motor Panels wa Coventry. Hawa Motor Panels waliuzia karibu kila mtu, ndio maana ukiangalia malori ya Kiingereza ya miaka hiyo unaona Guy, Foden na Seddon Atkinson wanafanana macho.

Leyland sasa, kwa kifupi, kwa sababu ndiye anayevunja ile hoja ya kufa kwa kukosa injini yako mwenyewe. Leyland alikuwa na injini zake 0.600 na 0.680, injini zilizofanya kazi Afrika nzima kwenye Beaver, Hippo na mabasi, na huku kwetu wazee wanazikumbuka, Thika kulikuwa na kiwanda cha Leyland cha kuunganisha tangu miaka ya 1970. Mwaka 1964 alitoa kebini ya Ergomatic iliyochorwa na Michelotti, Mtaliano, ya chuma, inainama, kebini moja kwa malori ya Leyland na ya kampuni zake, AEC na Albion. Alikuwa mbele ya wenzake wote. Halafu akaamua kutupa injini nzuri na kuleta mpya, 500 series, ambayo hedi na bloku vimemwagwa kipande kimoja ili isiwe na gasketi ya kuungua. Wazo lina mantiki ukiwa ofisini. Gereji, valvu ikiungua unashusha krenki na pistoni zote kwa chini ndio uifikie. Zikamwaga moshi, zikachakaa mapema, matajiri wakazikimbia. Wenzao wa AEC wakaleta V8 yenye farasi 247 mwaka 1968, ikawashinda wakaiacha. Na hela ya kurekebisha haikuwepo kwa sababu kampuni nzima ilikuwa imefungwa kamba moja na magari madogo ya Austin na Morris. Kiwanda cha AEC Southall kikafungwa 1979. Mwaka uliofuata Leyland wakatoa Roadtrain, lori zuri sana, na unajua ndani walifunga nini baada ya muda? Cummins na Rolls-Royce za kununua.

Miaka hiyo hiyo soko likaanguka vibaya. Foden akafilisika 1980, PACCAR wa Marekani, wenye Kenworth, wakamnunua. Seddon Atkinson akaenda kwa Wahispania halafu Iveco. ERF alidumu peke yake muda mrefu kuliko wote, mpaka 1996 aliponunuliwa na Western Star wa Kanada, kisha MAN wa Ujerumani 2000, na baada ya hapo ERF ikawa MAN yenye beji nyingine hadi jina likaondolewa 2007. Yule aliyenunua kila kitu alisimama zaidi ya miaka 60 kwa miguu yake. Kilichomshinda ni udogo: sheria za moshi na kompyuta za injini na kebini mpya vinataka hela ya kampuni inayouza dunia nzima.

Turudi kwenye lori lenu, msiliogope. Hiyo EC ni kebini ya ukoo ule ule wa SP, kwa hiyo paneli zikipauka msihangaike, haziozi. Kinachooza ni fremu ya chuma iliyojificha nyuma ya paneli, kwa hiyo fungua chini ya ngazi na kwenye mabano ya kuinamisha kebini, gonga na nyundo ndogo, usikilize. Namba 11 kwenye jina ina maana Cummins M11, lita 10.8, ingekuwa EC14 ingekuwa N14 na EC12 ingekuwa Perkins Eagle, ambaye ni yule yule Rolls-Royce wa Shrewsbury kabadilishwa jina. M11 ni ndugu wa ISM iliyokuja baada yake, spea nyingi zinaingiliana, kwa hiyo ukienda dukani usiseme "nataka spea ya ERF", utaambiwa hakuna. Soma kibati cha injini, chukua namba, uliza Cummins. Giaboksi vile vile, soma kibati chake. Difu nayo ina chake. Hapo ndipo utaona faida ya mzee Foden, lori lenu kampuni yake haipo lakini waliotengeneza injini na giaboksi yake wapo.

Jambo la mwisho ni giaboksi. Kama mkono wa gia una swichi yenye hatua tatu na njia za gia ni nne tu, hiyo ni Twin Splitter, gia 12, haina sinkro. Usiiendeshe kama Scania. Klachi ni ya kuondokea na kusimama. Ukiwa kwenye mwendo unachagua swichi kwanza, halafu unapunguza mafuta kidogo, inaingia yenyewe. Ukikanyaga klachi mpaka chini wakati gari linatembea unagusa breki ya klachi iliyoko mle ndani na utaimaliza ndani ya miezi. Mwambie na utingo wako asijaribu kulisogeza uani kabla hujamfundisha hilo.